UJUZI WA MZEE NA MASHINE YA KIJANA VIJENGE NYUMBA MOJA

Ndugu wanachama,

Kila mwisho wa mwezi mfanyakazi wa Kenya akitazama karatasi yake ya mshahara huona pesa zimekatwa kwa ajili ya nyumba. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilianza kutumika Machi 2024, nayo yasema kwamba mfanyakazi atoe shilingi 15 katika kila shilingi 1,000 za mshahara wake kabla haujakatwa kitu, na mwajiri wake atoe kiasi kile kile. Mwenye kupata shilingi 20,000 kwa mwezi hutoa 300, na mwajiri 300. Kwa mkubwa wa ofisi hizo si pesa. Kwetu sisi ni unga na nauli.

Hatuandiki leo ili kugombana juu ya kodi hiyo. Maneno yake yamekwisha pelekwa mahakamani zaidi ya mara moja, na kila mwanachama ana mawazo yake. Swali letu ni jingine, nalo twaona halijaulizwa vya kutosha. Pesa zetu zikiisha kukatwa, zajenga nyumba ya namna gani, na ni mikono ya nani inayolipwa kwa kuijenga?

Swali hili latuhusu sisi wa kazi ya ujenzi kuliko watu wengine. Twatoa pesa kama wafanyakazi wote. Sisi ndio tubebao mawe na kupandisha kuta. Na jioni, kazi ikiisha, wengi wetu twarudi katika chumba cha mabati ambacho mchana ni tanuri na usiku ni barafu. Mtu ajengaye nyumba za wengine naye alala ndani ya debe. Jambo hili halifai kunyamaziwa.

Maoni yetu tutayasema wazi tangu mwanzo. Katika nchi hii mna ujuzi wa kujenga wa aina mbili. Mmoja ni wa wazee wetu: udongo, chokaa, mawe, miti, makuti, na akili ya kujua upepo watoka wapi. Wa pili ni wa shule na viwanda: simiti, chuma, mashine na vipimo. Kila mmoja ukiachwa peke yake umepungukiwa. Ukiunganishwa na mwenzake, utatupa nyumba imara ambayo haimchomi mtu mchana wala kumgandisha usiku, na pesa nyingi za kuijenga zitabaki katika mikono ya wafanyakazi. Lakini hautaunganishwa kamwe mpaka ujuzi wa fundi wa asili ukubaliwe kuwa ni ujuzi, na kulipwa ijara ya ujuzi.

Tuwape kisa kimoja tulichokiona kwa macho yetu.

Miaka kadhaa iliyopita baadhi yetu tulikuwa katika kazi ya kutengeneza nyumba kuukuu ya mawe huko pwani. Jina la mji na la mwenye kazi tunayaacha. Katika kundi letu alikuwamo mzee mmoja mwashi, mtu wa makamo ya baba zetu, ameandikwa kibarua kama vijana wa kuchota maji. Msimamizi alipoagiza kuta zote zipigwe lipu ya simiti, mzee alimwendea taratibu, akamwambia, "Mwanangu, ukuta huu ulijengwa kwa chokaa. Una maji ndani yake na chumvi ya bahari. Ukiufunga kwa simiti utauua. Tupige chokaa."

Msimamizi akamwuliza, "Mzee wangu, una cheti cha kazi hii?"

Mzee akanyosha kidole, akaonyesha msikiti uliokuwa ng'ambo ya njia. "Cheti changu ni kile pale. Alikipiga chokaa babu yangu, mimi nikimletea maji."

Watu wakacheka, na lipu ya simiti ikapigwa. Ikapita masika ya kwanza, ukuta ukavimba. Ikapita ya pili, lipu ikaanza kuanguka vipande vipande, na kila kipande kikaondoka na jiwe la ukuta. Mwenye kazi akasema mafundi wameharibu, na watu sita wakakatwa mshahara. Hata mzee naye alikatwa, yeye aliyesema neno la kweli tangu siku ya kwanza!

Hapo, ndugu, ndipo penye uchungu wetu. Ujuzi ulikuwapo pale pale, umevaa viatu vilivyotoboka, na haukugharimu chochote ila kusikilizwa. Ukadharauliwa kwa sababu hauna karatasi.

Tueleze kwa nini mzee alikuwa na haki. Jiwe la pwani, litokalo katika miamba ya matumbawe ya kale, lina vitundu vingi, hunywa maji na kuyatoa. Chokaa nayo huyapitisha. Ukuta hulowa wakati wa mvua, kisha hukauka kwa jua na upepo. Simiti ngumu ikipakwa juu yake huyafungia maji ndani. Maji yakitafuta njia ya kutoka huacha chumvi nyuma ya lipu, chumvi hiyo huwa chembe ngumu, na chembe hizo zikizidi husukuma na kupasua. Haya siku hizi yaandikwa katika vitabu vya wataalamu wa kuhifadhi majengo. Mzee yule hakuyasoma kitabuni. Aliyapokea kwa babu yake pamoja na mwiko.

Nendeni Lamu mkatazame. Mji wa kale wa Lamu uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na magofu ya Gedi yakafuata mwaka 2024. Wageni hulipa nauli ya ndege kuja kutazama kazi ya waashi wetu. Kuta za nyumba ya mawe ya Lamu zina unene wa kama nusu mita. Jua la mchana huchukua saa nyingi kupenya unene huo, na jioni inapofika ndani bado mna baridi. Njia za mji ni nyembamba ili nyumba moja iitilie nyingine kivuli. Katikati ya nyumba mna kiwanda kilicho wazi juu, hewa ya moto hupanda na kutoka. Upana wa chumba haupiti mita 3, kwa sababu dari yabebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Hapana mtu aliyekata nyumba ile kwa kubahatisha. Kila kipimo kina sababu.

Na watu wa bara wasidhani kwamba twasifu pwani tu. Nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa nyasi, ambayo wengi wetu tulizaliwa ndani yake, nayo ina akili zake. Udongo mnene hushika joto la mchana na kulitoa pole pole usiku, jambo jema kwa watu wa nyanda za juu. Moshi wa jiko hufukuza wadudu katika nyasi za paa. Na tukumbuke ni nani aliyeufanya ujuzi huo. Kwa Wamaasai mwenye kujenga nyumba ni mwanamke. Katika makabila mengine mengi mwanamume husimamisha nguzo na kufunga fito, na wanawake hukandika na kulainisha kuta. Mama zetu ni mafundi wa lipu ambao hawakupata kulipwa hata senti moja, wala kuitwa fundi.

Basi ni nani aliyetufundisha kuudharau ujuzi huu?

Wazee wa Chama wanajua jibu. Wakati wa ukoloni nyumba ya jiwe ilikuwa ya bwana, na nyumba ya udongo ilikuwa ya "boi". Mfanyakazi mjini hakuhesabiwa kuwa mtu wa kukaa na mkewe na watoto. Alihesabiwa kuwa mtu mmoja mwenye haja ya nafasi ya kulaza mwili. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, wakaungana katika African Workers' Federation chini ya Chege Kibachia, taabu ya nyumba ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao pamoja na mshahara. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyowekwa na serikali ya kikoloni yenyewe, ilikubali kwamba mshahara na nyumba havina budi kumtosha mtu na jamaa yake, si mtu peke yake. Hata leo Sheria ya Kazi ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa au pesa za kutosha kodi ya nyumba. Haki hiyo haikushuka na mvua. Ililetwa na watu waliogoma wakalala njaa.

Uhuru ulipokuja bendera ilibadilika, lakini kanuni za ujenzi zilibaki na mawazo yale yale. Kanuni za 1968 zilifuata mfano wa Kiingereza. Zilitaja vitu vya kujengea kwa majina yao, na udongo haukuwa na nafasi ya heshima mjini. Maskini akijenga kwa udongo alikuwa mvunja sheria, na tingatinga lilijua njia ya kwake. Mwaka 1995 zilirekebishwa, ili nyumba za watu wa kipato kidogo zipimwe kwa kazi zifanyayo: je, ukuta wasimama, wazuia mvua, wazuia moto? Mwaka 2024 ikatolewa Kanuni mpya ya Taifa ya Ujenzi kuchukua nafasi ya zile za kale. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 11, yaitaka Serikali itambue kazi ya sayansi na ya teknolojia za asili katika kuendeleza taifa. Kifungu cha 43 chasema kila mtu ana haki ya kupata nyumba inayofaa. Karatasi sasa ziko upande wetu. Kilichobaki ni matendo.

Lakini, ndugu, tusiwe watu wa kusifu ya kale kwa upofu. Fundi mwaminifu hutaja na nyufa za kazi yake.

Nyumba ya udongo ina maadui watatu: maji ya chini, maji ya juu, na mchwa. Maji ya mvua yakiruka kutoka chini hula mguu wa ukuta. Paa likiwa fupi, mvua ya upepo hupiga ukuta mzima. Mchwa hupanda katika nguzo hata nyumba ikabaki ganda. Ndiyo maana nyumba ya fito ilitaka kukandikwa kila baada ya mvua, na anayefanya kazi hiyo ni mama yule yule asiyelipwa. Nyasi nazo huwaka moto, na katika majengo yaliyosongamana moto mmoja hula nyumba mia.

Boriti nazo zina mwisho. Lamu ndiko kuliko na sehemu kubwa kuliko zote ya mikoko ya Kenya. Wazee wakataji walijua kuitenga kwa unene, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na kila moja ina kazi yake. Lakini miti ilikatwa kupita kiasi, na Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jumuiya. Wakataji wa Lamu walikaa bila kazi. Wala mtu asituambie tuchome matumbawe mabichi ya baharini kupata chokaa. Samaki watazaa wapi? Basi kurudi nyuma tu hakuwezekani, wala hatukutaki.

Simiti nayo ina lawama zake. Hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo katika tanuri lenye joto la kama nyuzi 1,450. Viwanda vya simiti duniani hutoa karibu sehemu 8 katika kila 100 za hewa ya kaboni itokanayo na kazi za wanadamu, hewa ile iongezayo joto la dunia na kuvuruga majira ya mvua. Na kwa mfuko wa mfanyakazi, kila gunia lasafiri kwa lori, na kila gunia lina faida ya mtu mwingine ndani yake kabla halijafika kazini. Hatusemi simiti iachwe. Msingi waitaka, linta yaitaka, ghorofa yaitaka. Twasema itumiwe kama chumvi katika mchuzi, pale inapohitajiwa, kwa kadiri inayohitajiwa.

Sasa tutazame jinsi mashine inavyoweza kuusaidia mkono.

Iko mashine ya kufyatulia matofali ya udongo, yenye mpini mrefu, isiyotaka umeme. Watu wawili au watatu huiendesha. Huchukuliwa udongo mwekundu wa chini, si ule wa juu wenye mizizi, ukachungwa, ukachanganywa na simiti kidogo. Kwa udongo mzuri debe 1 la simiti kwa madebe kama 16 ya udongo laweza kutosha. Hutiwa maji kidogo, hushindiliwa, na tofali hutoka likiwa zima papo hapo. Halichomwi, kwa hiyo hapana mti uliokatwa kwa kuni. Hufunikwa na kunyunyizwa maji kwa muda wa siku 7 au zaidi hata likomae. Lina ulimi upande mmoja na shimo upande mwingine, hivyo matofali hushikana yenyewe na lipu ya katikati hupungua. Shirika la viwango la Kenya lilitoa kipimo cha matofali ya namna hii mwaka 1993, na tangu 2006 Serikali ina mpango wa kuyaeneza, na vituo vya kufundishia katika sehemu mbalimbali za nchi. Si jambo la kubuni, ndugu. Ni jambo lililopo, lakini kwa fundi wa kawaida bado liko mbali.

Na hapa ndipo mzee na kijana wakutanapo. Tofali lote lategemea udongo. Udongo mweusi wa mbuga, ule uvimbao kwa mvua na kupasuka kwa jua, haufai. Wenye mchanga mwingi hauna mshiko, na wenye mfinyanzi mwingi hupasuka. Mzee hushika donge, hulifinyanga, huliviringisha kama kamba katika kiganja, hulitia ulimini, kisha husema: huu ndio, ule sio. Kijana wa chuo hutia udongo katika sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, huusubiri ukauke, akapima umefupika kiasi gani. Kwa kipimo hicho hujua simiti ya kutia. Mzee ana wepesi, kijana ana hesabu. Mzee peke yake aweza kukosea katika udongo wa mji asioujua. Kijana peke yake aweza kupoteza juma zima akipima mashimo ambayo mzee angeyakataa kwa kuyatazama. Wakifanya pamoja, kazi huenda haraka na ukuta husimama.

Ndivyo ilivyo na mambo mengine. Mguu wa ukuta upandishwe kwa mawe, na juu ya mawe ilazwe karatasi ya lami kuzuia maji yasipande. Paa litokeze nje sana, kama walivyofanya wazee, lakini liwe la mabati yenye dari chini yake na nafasi ya hewa katikati. Ukuta wa udongo upakwe chokaa, ambayo hupitisha unyevu. Mahali pa mikoko utumiwe mvinje, ambao wakulima wa pwani huupanda na kuuvuna shambani, au boriti ya zege fupi. Madirisha yaelekee upepo, si barabara. Hapana hata moja katika haya litakalo mtaalamu wa ng'ambo.

Wako watakaosema haya ni ndoto. Twawaonyesha mtu mmoja. Francis Kéré alizaliwa katika kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso. Kazi yake ya kwanza ilikuwa useremala. Akapata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani, akawa mchora ramani za majengo, na hakuwa amemaliza masomo alipoanza kuwajengea watu wa kwao shule. Shule hiyo ilikamilika mwaka 2001. Aliijenga kwa matofali ya udongo wa pale pale yaliyotiwa simiti kidogo na kushindiliwa, na paa la mabati akaliinua juu ya dari ili hewa ya moto ipite katikati. Wanakijiji wenyewe walijenga, wanaume na wanawake, na mwanzoni walimshangaa: mtoto wetu ametoka Ulaya, mbona atuletea udongo? Mvua ikanyesha, kuta zikasimama, nao wakaamini. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika kazi ya kuchora majengo, wa kwanza kutoka Afrika kuipata. Kwetu Kenya pia amejenga. Huko Turkana, karibu na ziwa, kiko chuo cha vijana kilichokamilika mwaka 2021, chenye minara mirefu iliyoigwa kwa vichuguu vya mchwa, hewa ya moto ikipanda na kutoka juu. Hata mchwa, adui wa nguzo zetu, ametufundisha jambo. Na mtu huyu, tusisahau, alianza kwa randa na msumeno kama sisi.

Sasa tujibu hofu za wanachama, maana tumezisikia katika mikutano.

Wengine wasema: "Mwataka kuturudisha katika nyumba za udongo, na wakubwa wakae katika mawe." Hapana. Ikiwa nyumba hizi ni za maskini peke yao, nasi twazikataa. Zahanati, shule na nyumba za maofisa wa Serikali zijengwe hivyo kwanza, hapo itajulikana kwamba si dharau.

Wengine wasema: "Tofali lishikanalo lenyewe litamnyima mwashi kazi." Hofu hii ina ukweli, wala hatutaificha. Ukuta wapanda upesi na lipu yapungua. Lakini matofali yenyewe yafyatuliwa pale kazini kwa mikono ya watu. Pesa ambazo zingekwenda kwa gunia na lori zaweza kwenda kwa wafyatuaji, wachungaji wa udongo na wapaka chokaa. Twasema zaweza. Hatusemi zitakwenda. Mwajiri akiachiwa, atafyatulisha watoto kwa posho ya chai na tofauti ataitia mfukoni. Mashine haina huruma wala ukatili, yafuata mapatano yaliyoandikwa. Ndiyo maana jambo hili ni la Chama, si la mafundi wa serikali peke yao.

Ndugu zetu wa viwanda vya simiti nao wauliza habari ya kazi yao. Twawajibu kwamba katika miji ambayo ardhi ni ghali nyumba zitaendelea kupanda ghorofa nyingi, na ghorofa nyingi hazijengwi kwa tofali la udongo peke yake. Tofali hilo ni la nyumba ya chini, au ya ghorofa moja. Lakini Kenya si Nairobi tu. Kaunti ni 47, na katika nyingi kati ya hizo nyumba ya chini ndiyo itakiwayo.

Basi haya ndiyo tutakayo, na twaomba kila tawi liyajadili:

1. Katika kila kazi ya nyumba iliyolipiwa kwa pesa zilizokatwa katika mishahara yetu, ipimwe kwanza kama udongo, mawe na chokaa ya mahali pale vyafaa, kabla ya kuagiza vitu vya mbali. Serikali imekwisha sema milango na madirisha yanunuliwe kwa mafundi wa jua kali. Na kuta je?

2. Mafundi wa asili, wa chokaa, wa udongo, wa makuti na wa mawe, wapimwe kwa kazi ya mikono yao na kupewa cheti. Mamlaka ya Taifa ya Sifa za Elimu iliwekwa kwa sheria ya 2014, na mitihani ya mafundi ya darja la 3, la 2 na la 1 iko. Ufundi huu uingizwe humo. Asiyejua kusoma aulizwe kwa mdomo.

3. Ijara yao iandikwe katika mapatano kwa darja zao. Fundi asiitwe kibarua kwa kuwa ujuzi wake ni wa kale.

4. Wanawake wakandikao na kupaka wahesabiwe mafundi na kulipwa sawa na mwanamume afanyaye kazi hiyo.

5. Kila fundi mzee apewe vijana wawili wa kufundisha, na alipwe kwa kufundisha, si kwa kujenga tu.

6. Wenye kufanya kazi ya chokaa wapewe miwani, glovu na viatu. Chokaa mbichi ikitiwa maji hutoka moto na hupofusha macho. Ujuzi wa asili si sababu ya kufanya kazi peku.

7. Fundi akitoa onyo kuhusu kazi mbovu, onyo lake liandikwe katika kitabu cha kazi. Yakitokea madhara, asikatwe mshahara aliyeonya.

Madai haya si makubwa. Hayataki mkopo wa ng'ambo. Yataka mtu wa ofisi akubali kwamba mwenye mwiko naye ana akili.

Nasi wanachama tuna kazi yetu. Kila tawi liandike majina ya mafundi wazee walio karibu nalo, na kila mmoja ajua nini: huyu huchoma chokaa, yule huchagua udongo, yule mama hulainisha ukuta hata maji yakateleza. Yapelekeni katika ofisi ya Chama kabla ya mkutano mkuu. Msingoje. Mzee yule wa pwani tuliyemtaja amekwisha kufariki. Tulikwenda kumzika. Katika watu waliosimama kaburini hapakuwa na kijana hata mmoja aliyejua kupika chokaa kama yeye, maana hapana aliyepewa nafasi ya kujifunza kwake. Watu wa kazi ile walimlipa siku zake kama kibarua, wakamkata siku ambazo hakukosa, na ujuzi wa vizazi vitatu ukaenda naye ardhini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunauona. Udongo tunao, chokaa tunayo, mashine ipo, na pesa zimekwisha katwa. Tuuzibe pamoja.

Wenu katika umoja wa kazi,

SISI WA HALMASHAURI YA TAWI